Juma Lililopita Alikuwaje?

Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, mbele ya wakazi wa kambi ya Dzaleka, Malawi, katika maadhimisho ya Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba. Kamati ya Jumuiya imeona vema kuichapa katika jarida hili la kumbukumbu.

 

Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu amezoea dakika arobaini, kwa hiyo mkiniona ninapitiliza, Mwenyekiti apige kengele.

Siku hii ya leo iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1990, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1991. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mzee ni mtu aliyefikisha miaka 60. Sasa tupige hesabu yetu wenyewe. Kambi hii, mahali palipokuwa gereza, ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1994. Aliyeingia hapa mwaka ule akiwa na miaka 35, mwenye nguvu, mtoto mgongoni na godoro kichwani, leo amepita 60. Watu wamezeekea hapa. Tulizoea kusema kwamba kambi ni mahali pa watoto na akina mama wajawazito, na kweli hao ni wengi. Lakini wazee wapo, na wanapougua usiku, sisi ndio tunaowabeba.

Mtu atauliza: mwalimu wa kufundisha kusoma na kuhesabu anajua nini juu ya hospitali? Mimi nilisomea ualimu, sikusomea uuguzi. Lakini kwa sababu ninasema Kiswahili, Kibembe kidogo, Kiingereza na Chichewa cha sokoni, nimeitwa mara nyingi kuwa mkalimani wa wagonjwa. Nimesimama kando ya vitanda vingi. Na siku moja, ndugu zangu, nilifanya kosa kando ya kitanda kimoja. Ndilo nililokuja kuwasimulia, maana nadhani si mimi peke yangu niliyelifanya.

Kuna mama mmoja, jirani yangu, mtu wa Fizi, wa pwani ya Ziwa Tanganyika. Umri wake sitautaja. Anasuka mikeka, na mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Jumatano moja asubuhi yule mtoto alinijia mbio, akaniambia, "Mwalimu, koko anasema na watu wasiokuwepo." Nilikwenda. Nilimkuta mama amekaa chini, anamwita mume wake, ambaye alifariki miaka mingi iliyopita, amletee mtumbwi. Uji ulikuwa umepoa mbele yake. Tukapata gari, tukampeleka katika hospitali moja nje ya kambi, ambayo sitaitaja, wala si lazima, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tabibu aliyetupokea alikuwa na foleni ndefu. Alimtazama mama, akapima joto la mwili, halikuwa na tatizo. Akaniuliza kwa Kiingereza: hali hii ilianza lini? Mimi sikumgeukia mtu yeyote. Sikumwuliza mtoto, sikumwuliza mama mwenyewe. Nilijibu palepale kwamba huyu ni mzee sana, na wazee ndivyo walivyo. Tabibu akaandika katika kijitabu chake cha afya, akatupa vidonge vya kupunguza maumivu, tukarudi nyumbani. Nilijiona nimesaidia.

Alhamisi usiku mama hakuweza kuinuka tena. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Tulirudi, na zamu hii tulipokewa na muuguzi mmoja wa makamo. Alimwita mama "agogo", kama Wamalawi wanavyowaita mababu na mabibi zao, akamshika mkono. Kisha hakuniuliza mimi. Alimwelekea mtoto, akaniambia nimtafsirie swali moja tu: juma lililopita, koko wako alikuwaje?

Mtoto akajibu: "Jumapili tulikuwa tunasuka mkeka. Alinigombeza kwa sababu nilihesabu vibaya ukindu."

Muuguzi akanitazama, akasema mtu aliyeweza kuhesabu ukindu Jumapili hawezi kuwa amezeeka kati ya Jumatatu na Jumanne. Akachukua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na ikaonekana iko chini sana. Mama alikuwa na nimonia. Hakuwa na homa. Hakuwa akikohoa. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umejitokeza kichwani, katika maneno yake, na mimi niliyatafsiri kuwa uzee.

Mama huyu hakufa. Yupo hapa leo. Ndiye aliyeniruhusu kusimulia habari hii, kwa sharti nisitaje jina lake, na niseme wazi kwamba mume wake alikuwa mvuvi hodari. Nimesema. Lakini alilala hospitali siku kumi na mbili, na miguu iliyompeleka kanisani kila Jumapili haikurudi kama zamani. Siku mbili nilizompotezea, Jumatano na Alhamisi, sijui zilichukua sehemu gani ya miguu ile. Swali hilo ninalala nalo.

Basi, ndugu zangu, somo la leo ni lile swali la muuguzi. Juma lililopita alikuwaje? Mkisahau mengine yote, mlishike hilo.

Nieleze kwanza kwa nini swali hili ni zito kwa mzee kuliko kwa kijana. Mwili wa kijana ukiugua hupiga kelele. Homa inapanda, anatetemeka, anashika mahali panapouma. Mwili wa mzee mara nyingi huugua kimya. Anaweza kuwa na maambukizi makali katika damu na kipimajoto kisionyeshe homa. Anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu ya kifua. Anachosema ni kwamba amechoka, au anakosa pumzi, au tumbo linamsumbua. Kiu yenyewe hupungua uzeeni, hivyo mzee anakauka maji mwilini bila kuomba maji. Hata presha inadanganya. Mtu ambaye siku zote presha yake ya juu ni 170, ukimpima ukakuta 110 baada ya kuanguka au kutapika, usishangilie kwamba presha imekuwa nzuri. Huenda anavuja damu ndani. Namba ile ni nzuri kwa kijana. Kwake ni hatari. Na utajuaje kama hujui ya kawaida yake ilikuwa ngapi? Imeandikwa katika kijitabu cha afya ambacho tumekiacha nyumbani chini ya godoro.

Kwa hiyo kwa mzee, dalili kubwa mara nyingi ni badiliko lenyewe. Aliyekuwa akienda bombani mwenyewe hawezi kusimama. Aliyekuwa akila ameacha. Aliyekuwa akijikaza hadi chooni ameanza kujilowesha. Aliyekuwa mtulivu anapigana na watu, au, na hili ndilo tunalipita zaidi, aliyekuwa msemaji amenyamaza na kulala mchana kutwa. Tunasema, "Mwacheni apumzike." Ndugu zangu, mzee aliyebadilika ghafla hapumziki. Anaumwa.

Hapa naomba tutofautishe mambo mawili tunayoyaita kwa jina moja. Tunasema "amechanganyikiwa". Kuna usahaulifu wa uzeeni unaokuja polepole, mwaka hadi mwaka, kama ukuta wa matofali mabichi unavyoliwa na mvua. Na kuna kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa saa au kwa siku chache, kunakokuja na kuondoka, asubuhi yuko vizuri na jioni hajijui. Hii ya pili matabibu wanaiita deliriamu, nayo ni dharura. Nyuma yake kuna kitu: nimonia, malaria, maambukizi ya mkojo, mkojo uliozuiliwa, choo kigumu cha siku nyingi, maji kupungua, sukari kushuka, dawa zisizopatana, damu inayovuja kichwani. Mengi ya hayo yanatibika. Na mtu mwenye usahaulifu wa zamani anaweza pia kupata ile ya ghafla juu yake. Ndiyo maana haitoshi kusema, "Huyu siku zote husahau." Swali ni: je, leo ni kama siku zote?

Sasa niseme juu ya maswali ya hospitali, na hapa nitasema kama mwalimu, maana sisi walimu tunajua habari za mitihani.

Kuna kipimo kinachoitwa 4AT, kilichotengenezwa Edinburgh, ambacho siku hizi kinatumika katika hospitali nyingi za Uingereza na kwingineko. Ni kifupi, dakika mbili zinatosha. Kwanza unatazama kama mgonjwa yuko macho sawasawa. Kisha unamwuliza mambo manne: umri wake, tarehe yake ya kuzaliwa, mahali alipo, na huu ni mwaka gani. Kisha unamwomba ataje miezi kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba. Mwisho unauliza kama kuna badiliko la ghafla.

Ni kipimo kizuri. Lakini mkitumie hapa kwa akili. Wazee wetu, naomba kuuliza: ni wangapi hapa ambao kadi yao inasema walizaliwa tarehe 1 Januari? Inueni mikono. Ninyi wageni wetu tazameni nyuma yenu mwone mikono hiyo. Hawakuzaliwa wote siku moja kama vifaranga. Waliandikishwa na karani aliyehitaji kujaza nafasi. Mama aliyezaliwa mwaka wa mafuriko ya ziwa, ukimwuliza tarehe ya kuzaliwa akashindwa, hujapima akili yake, umepima karatasi yake. Na aliyenyimwa shule kwa sababu alikuwa msichana, ukimwambia ataje miezi kwa kurudi nyuma kutoka Desemba, unampa mtihani wa darasa ambalo hakuingia. Mtihani usiopima kile ulichokusudia kupima ni mtihani mbaya, hata kama umechapwa vizuri. Mwulize siku za juma kwa kurudi nyuma. Mwulize aliyemleta ni nani kwake. Mwulize wajukuu alionao nyumbani ni wangapi, kisha wewe uwe na mtu wa kuthibitisha jibu.

Na sasa sikilizeni jambo lililonishangaza nilipoelezwa na muuguzi. Katika kipimo kile, alama 4 au zaidi zinaonyesha kwamba huenda ni deliriamu. Maswali ya umri na mwaka na miezi yana alama moja, mbili. Lakini lile la mwisho, la badiliko la ghafla, likijibiwa "ndiyo", lina alama 4 peke yake. Yaani jibu la mtoto wa darasa la nne, "Jumapili alikuwa mzima, alinigombeza," lingetosha peke yake kumzuia mama asirudishwe nyumbani Jumatano ile. Jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi, linabembeza miguu. Hakuna aliyeliuliza.

Kuna orodha nyingine ya maswali sita, iliyochapishwa mwaka 1999 na watafiti wa Montreal, Kanada, kwa ajili ya wazee wanaofika chumba cha dharura. Niwape kwa maneno yetu. Moja: kabla ya ugonjwa huu, kulikuwa na mtu wa kumsaidia kazi zake kila mara? Mbili: tangu augue, anahitaji msaada zaidi? Tatu: amelazwa hospitali katika miezi sita iliyopita? Nne: anaona vizuri? Tano: ana tatizo kubwa la kukumbuka? Sita: anakunywa dawa zaidi ya tatu kila siku? Majibu mawili ya wasiwasi yanatosha kusema mzee huyu atazamwe kwa makini zaidi. Wataalamu waliopima orodha hii baadaye wamesema yenyewe peke yake haitabiri vizuri nani atarudi akiwa na hali mbaya. Nakubali. Thamani yake ni kwamba inamlazimisha mtu aliye na haraka aulize juu ya maisha ya mgonjwa, asiulize juu ya maumivu tu. Na tazameni tena: maswali mawili ya kwanza ni yaleyale. Kabla alikuwaje? Sasa yukoje?

Ndugu wakimbizi wenzangu, sasa nageukia upande wetu, kwa sababu ni rahisi kulaumu hospitali tukasahau mikono yetu.

Kwanza, anayempeleka mzee awe mtu anayeishi naye. Mara nyingi tunamtuma kijana mwenye simu, au mwalimu mwenye Kiingereza, na yule mjukuu anayelala naye chumba kimoja tunamwambia abaki kuchunga nyumba. Mkalimani anajua lugha. Mjukuu anamjua mgonjwa. Pelekeni wote wawili.

Pili, bebeni vitu. Kijitabu cha afya. Kadi. Miwani, kama anayo, na fimbo yake, kwa maana mzee asiyeona na asiye na fimbo katika mahali pageni ataonekana amechanganyikiwa hata akiwa mzima. Na dawa zote, nasema zote, ndani ya mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, za mitishamba. Msione haya. Kuna wazee wanaokunywa dawa za presha za hospitali, kisha wanaongeza diklofenaki za sokoni kwa ajili ya magoti. Dawa hiyo inaweza kutoboa tumbo likavuja damu, na inaweza kuumiza figo. Tabibu asipoiona hataijua.

Na wenye kisukari, niseme neno moja. Chakula kinapopungua nyumbani, mzee huwapa wajukuu sahani yake. Tunamsifu kwa upendo. Lakini kama amekunywa kidonge chake cha sukari na hakula, sukari inashuka, anatokwa jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, anaweza kuzimia na kufa. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpeni kitu chenye sukari mara moja, kisha mwende hospitali. Na mzee yeyote aliyechanganyikiwa apimwe sukari. Ni tone moja la damu.

Tatu, mzee aliyeanguka. Tusiulize tu, "Umeumia?" Tuulize, "Ulianguka kwa nini?" Aliyejikwaa kwenye kamba ya nguo ni mmoja, aliyeona giza akaanguka ni mwingine, na huyo moyo wake na damu yake vichunguzwe. Akishindwa kukanyaga, na mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asikandwe, asivutwe, apelekwe. Na aliyepiga kichwa, hata kama alisimama akacheka, mtazameni kwa majuma kadhaa. Kwa mzee damu inaweza kuvuja polepole ndani ya kichwa, na kichwa kianze kuuma au akili kuyumba baada ya majuma mawili au matatu, wakati kila mtu amekwisha kusahau kuanguka kule. Semeni kwamba alianguka.

Nne, sisi wakalimani. Mimi nimejiwekea sheria tatu tangu siku ile. Nasema alichosema mgonjwa, si ninachofikiri alitaka kusema. Kama sijui, nasema sijui. Na simjibii mtu aliye hai na anayeweza kusema. Lugha zetu nazo zina mitego. Mama akisema kwa Kiswahili, "Moyo unaniuma," anaweza kuwa analia mwanawe aliyebaki Kongo, na anaweza kuwa na ugonjwa wa kifua unaomwua. Mkalimani akichagua moja kwa niaba yake, amekuwa daktari bila cheti. Tafsiri maneno yote mawili, kisha mwombe aonyeshe kwa mkono. Na wazee wetu wana adabu: wakiulizwa hujibu, "Niko sawa tu." Hiyo ni salamu, si jibu la daktari.

Tena, kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mjukuu wa kiume, kama habari za mkojo na choo, na kuna wazee wanaopigwa au kunyang'anywa mgao na watu wa nyumbani mwao wenyewe. Hayo hayatasemwa mbele ya aliyempiga. Kwa hiyo, matabibu, mkishamsikiliza mjukuu, tafuteni dakika tano za kubaki na mzee pamoja na mkalimani asiye wa nyumba ile.

Sasa wenzetu wa hospitali na wa mashirika. Tunajua kazi yenu. Tunaona foleni. Kituo kinachowahudumia wakimbizi na vijiji vya jirani kwa pamoja hakiwezi kuwa na nafasi ya kupumua. Siombi majengo leo, naomba mambo madogo.

Mzee asisimame katika foleni saa nne. Apewe kiti, na karibu na choo. Apewe maji, kama tabibu hakukataza. Mkisema naye, kaeni mbele ya uso wake, semeni taratibu, bila kupiga kelele, kwa maana wengi husoma midomo. Msimsemee mjukuu juu ya kichwa chake kana kwamba ni gunia lililoletwa. Akilazwa, asifungwe kitandani kwa siku nyingi bila sababu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya nzuri, wenye umri wa miaka 67 kwa wastani, waliokubali kulala kitandani siku kumi: walipoteza karibu kilo moja ya nyama za miguu. Hao walikuwa wazima. Mama wetu alikuwa mgonjwa, na alilala kumi na mbili. Akiweza kukaa, akalishwe. Akiweza kusimama, asaidiwe kusimama. Ndugu wa mgonjwa tupo, tufundisheni, tutafanya.

Na kabla hamjamruhusu kurudi, ulizeni swali la pili, ambalo ni ndugu wa lile la kwanza: kesho atakuwaje? Nani atachota maji? Choo kiko umbali gani, na kina kitu cha kushika? Nani atampikia, na dawa hizi atazisoma nani? Mzee anayeishi peke yake asirudishwe usiku. Mkitupa habari, Kamati ina watu katika kila kanda. Mtu mmoja anaweza kwenda kumtazama asubuhi. Mkitunyima habari, tutajua siku ya matanga.

Hayo ninayoyaomba si ndoto ya mkimbizi. Mwaka 2014 vyama vya madaktari na wauguzi wa Marekani vilitoa mwongozo maalumu wa huduma za dharura kwa wazee, wenye mambo kama haya: kutambua deliriamu, kuzuia kuanguka, kuangalia dawa, kupanga safari ya kurudi nyumbani. Mwaka 2018 mashirika ya misaada yalichapisha viwango vya kuwajumuisha wazee na watu wenye ulemavu katika misaada ya kibinadamu. Karatasi zipo. Kinachobaki ni kwamba zikifika kwetu zivae nguo zetu, zijue kwamba huku watu wanazaliwa tarehe 1 Januari.

Mwenyekiti ameshika kengele, nimemwona. Nimalizie.

Katika darasa, kila asubuhi naita majina. Mtoto asipoitika, naulizia: jana alikuwepo? Alikuwa mzima? Kwa kuuliza hivyo tumewahi kugundua malaria, tumewahi kugundua njaa, tumewahi kugundua msichana anayetaka kuozwa. Naomba kila mtaa uwe na daftari hilo la moyoni kwa wazee wake. Asubuhi ukipita mlangoni pa mama, usiseme "jambo" ukaenda. Simama uone kama ameamka kama jana, kama sauti ni ileile, kama moto umewashwa. Siku atakapougua, wewe ndiwe utakuwa na jibu ambalo mashine zote za hospitali hazina.

Nawe, mama, uliyekaa pale mbele, mimi nilikujibia siku ile bila kukuuliza. Nimekwisha kukuomba msamaha nyumbani kwako, ukanipa kiti na kipande cha muhogo. Leo nakuomba tena mbele ya watu. Mkeka ule mlioacha Jumapili, nimeambiwa wewe na mjukuu wako mmeumaliza, na kwamba hesabu ya ukindu sasa haina kosa.

Mungu awape wazee wetu afya, na atupe sisi masikio.